Tonge la Msafiri

Hasira zangu zinajulikana Ibra nzima, mji wetu huu wa Oman tuliohamia kutoka Unguja. Muulize muuza samaki wa sokoni aliyetaka kunipa jodari wa juzi, mpaka leo akiniona huanza kufunika ndoo. Watu husema hasira hasara. Haya, hasara nimezila nyingi, lakini safari hii sikuwa na kosa, na ukinisikiliza mpaka mwisho utasema mwenyewe.

Kwanza nilimkasirikia mamaangu.

Tulikuwa naye mtoto wa kakaangu, Tamima, miaka sita, kibinti chembamba chenye macho ya kwa mama yake. Kakaangu Marhoun alitoka Unguja kijana, akashika kazi za meli, meli zikamtupa Kobe, huko Japani. Akakaa miaka minane, akaoa mwanamke wa huko, Yoshiko, aliyesilimu kabla ya ndoa. Sisi tulimjua kwa picha tu. Mwaka wa themanini na nne Marhoun akatufuata Oman kushika kazi ya serikali Maskati, akaja na mtoto mkononi na habari mdomoni: Yoshiko kafa. Homa ya mapafu, ndivyo alivyosema.

Bi Khole, ndiye mamaangu huyo, alimlilia mkwe asiyepata kumuona hata siku moja. Tukamsomea khitma humu humu ndani, juzuu zote thelathini, ubani ukafuka mpaka mapazia yakanuka wiki nzima, sinia sita za wali zikatoka. Mtoto akaachwa kwetu, sisi wanawake wawili tumlee. Mimi nilikwisha achika zamani na sikujaaliwa mtoto, kwa hivyo hakuna aliyeniuliza kama nataka. Nilitaka. Baba mtu akawa anakuja Alkhamisi, anaondoka Ijumaa jioni.

Sasa mtoto hakuwa anakula. Si kama hakupewa. Siku za mwanzo alikaa na sisi kwenye sinia, akachukua wali kwa mikono yote miwili, akaufinyanga. Bi Khole akamchapa mkono wa kushoto, pa! "Huo mkono wa chooni huo! Hukufunzwa?" Mara ya pili, pa! Mara ya tatu Tamima akaiweka mikono yake mapajani na hakuinyanyua tena. Ikawa anakula tende mbili asubuhi na maziwa kikombe usiku. Miezi mitatu hivyo.

"Mama, mtoto anakonda," nikamwambia.

"Mtoto anadeka. Wewe nilikufunza kwa kofi hilo hilo, na mbona unakula?"

Nikampeleka hospitali. Daktari wa Kihindi akamweka kwenye mizani, akanambia kwa Kiarabu kibovu kuliko changu kwamba akipungua kilo moja nyengine atalazwa, atiwe maji ya mshipa. Alkhamisi nikamwambia Marhoun. Alikuwa anafuta vumbi gari yake, hakugeuka hata uso. "Akiona njaa atakula, Shukriya. Usilikuze." Kefule! Mtoto wake huyo, anang'arisha bampa.

Jumamosi nikamkalisha Tamima jikoni juu ya kibao cha mbuzi cha kukunia nazi, nikafunga mlango. "Nambie mwanangu. Unataka kula nini? Ukinambia nyama ya ndege nitakwenda kumkamata."

Kiswahili chake alikipata kwa baba yake tu, kilikuwa kizito kizito, kama cha mwanamme mdogo. Akasema, "Wali wa mkono." Akaviinua viganja vyake, kimoja chini, kimoja juu kimekunjwa kama paa la nyumba, akavizungusha. "Hivi. Nikienda skuli, Mama ananitilia mfukoni."

Nikacheka. Tonge! Mtoto anataka kukonda mpaka afe kwa ajili ya tonge la wali? Kila mama wa Unguja kamfinyia mwanawe matonge. Nikamwambia angoje tu.

Nikapika wali kama nilivyofunzwa. Basmati nzuri, nikairoweka, nikaiosha maji matatu, nikaichemsha, nikaimwaga maji, nikapalia makaa juu ya kifuniko. Hiliki punje tano. Nilipofunua, kila punje imekaa peke yake, wali wa kumwekea bwana harusi. Kwetu wali ukigandana ni wali wa mgonjwa, na binti aliyeupika hafai kuposwa. Nikachukua donge nikalifinya. Likafumuka. Nikafinya tena, likanimwagikia mapajani. Nikasema labda mkavu, nikatia samli ushike. Samli! Ndo ukawa unateleza kama kambare. Nikaufinya kwa mikono miwili, nikautukana, nikautukana na ukoo wake, wali ukaenda chini ya meza. Tamima ananitazama. Halafu akasema kwa upole, "Shangazi, si huu," na upole ule ndio ulionichoma zaidi.

Jirani yetu wa ukuta alikuwa mwalimu wa Kimisri, Abla Thuraya. Akachungulia juu ya ukuta. "Unagombana na nani, ya Shukriya?"

"Na mchele!"

Nikamweleza. Akaingia ndani akarudi na mfuko, mchele mfupi, mnene, ule anaotoka nao kwao kwa ajili ya kujazia majani ya mzabibu. Akasema, "Huu ukiupika vizuri unashikana wenyewe kama ndugu." Nikasema ndugu zangu mimi usiwatolee mfano.

Tamima akanisimamia. Samli hakuitaka. Hiliki akaitoa kwa kidole, moja moja, akanipa mkononi. Maji usiyamwage, akasema, yaache yaingie. Nikafunika, nikangoja, nikafunua, loh! Bwabwa tupu. Nilikwenda kuangalia kama mlango umefungwa kweli, maana Bi Khole angeliona sufuria lile angelisema nimerogwa.

Mtoto akalowesha viganja kwa maji, akapaka chumvi, akachota wali wa moto kwa vidole vyake vile, akawa anaugeuza, anaubana, anaugeuza. Mkono wa kulia, mkono wa kushoto, yote inafanya kazi. Likatoka tonge la pembe tatu, limekaa imara kama tofali. Akataka kitu kichachu cha kutia katikati. Nikampa achari ya ndimu. Akalamba, jicho likafumba, akacheka. Mara ya kwanza tangu aje Ibra nilisikia kicheko chake. Kwenye mengine tukatia papa mkavu wa bandari ya Sur niliyemchoma na kumponda.

Akala manne. Manne, wallahi, moja baada ya jengine, ameyashika kwa mikono yote miwili, na mimi nimesimama mlangoni nimeziba kitasa kwa mgongo asiingie mtu. Nililia, na machozi yale hayakuwa ya furaha, msinidhanie. Nilikuwa nimekasirika. Miezi mitatu mtoto anakauka kwa kitu ambacho ni mchele, maji na chumvi, na hakuna mtu katika nyumba ile, nami nimo, aliyefungua mdomo akamuuliza.

Likabaki tonge la tano. Tamima akaliweka kwenye kisahani, akalipeleka ukumbini, akapanda kiti, akaliweka kwenye kishubaka cha ukuta, pale Bi Khole anapopanga vikombe vyake vya zamani. Akaweka na kikombe cha maji ubavuni. Halafu akaenda kucheza.

Bi Khole alipotoka kusali adhuhuri akaliona. Ukelele aliopiga mtaa mzima ulisikia. "Yarabi toba! Nyumba yangu imekuwa mzimu? Nani anawekea mashetani chakula?" Akalichukua tonge, akatoka nalo mpaka uani, akawatupia mbuzi. "Mtoto kaja na mambo ya kikafiri, na wewe Shukriya umempa chombo!"

Tamima alikuwa amesimama ndani ya mlango. Hakulia. Aliwatazama mbuzi mpaka punje ya mwisho.

Nilimwambia mama maneno mawili matatu ambayo binti hamwambii mamaake, akaniambia ataniombea, nikamwambia aanze na roho yake. Siku ile hatukusemezana tena.

Jumapili Tamima akafanya matonge tena, akala, na moja akaliweka kando. Safari hii alilificha nyuma ya mtungi. Nikachutama mbele yake.

"Tamima, hilo la nani?"

"La Mama."

Nikamshika mabega. "Mwanangu, mama hawezi kuja kula. Mama yako Mungu kamchukua."

Akanikunjia uso, hasa kama mtu anayesikia upuuzi. "Siyo. Aliyekufa hawekewi hivi. Babu yangu wa Kobe alipokufa tulimwekea maua. Hili anawekewa aliye safarini, asione njaa njiani. Baba alipotangulia kuja Oman kutafuta nyumba, Mama alimwekea kila siku. Kila siku, Shangazi, mpaka akarudi kunichukua mimi kwanza."

"Na mama yako yuko safarini?"

"Alisema anakuja. Alisema kwenye simu."

"Simu ya lini?"

"Siku ya Idi. Nyumbani kwa Baba, Maskati. Nilivaa kanzu ya kijani."

Kanzu ya kijani niliishona mimi. Idi hiyo ilikuwa mwezi mmoja na siku kadhaa baada ya khitma. Mtoto aliongea na marehemu kwenye simu akiwa amevaa kanzu niliyoitia nakshi kwa mkono wangu.

"Na kwa nini hukutwambia?"

"Baba alisema nikimtaja Mama, Bibi moyo wake utapasuka. Tena nikakaa kimya. Lakini tonge si kutaja."

Niliketi chini, pale pale juu ya saruji. Yaani siku ile ya khitma mtoto huyu alikaa katikati yetu, wanawake wanamshika kichwa, maskini yatima, na tukampa wali wa khitma ya mamaake aliye hai. Na mamaake huko Kobe anangoja tikiti.

Nikamwendea Bi Khole. "Mama, Yoshiko hakufa."

"Mtoto huota," akasema, na akaendelea kuchambua adesi. "Mwanangu hawezi kunidanganyia kifo. Watu hudanganya mali, hudanganya umri. Kifo hakidanganywi."

Nikanyamaza. Najua huamini, lakini nilinyamaza siku nne. Nilipondaponda papa mkavu mpaka akawa unga.

Marhoun alikuja Alkhamisi kwa furaha na mbuzi wawili kwenye pikapu ya kukodi, maana Ijumaa tulikuwa na wageni. Bwana Zahor, binamu yake marehemu baba, alikuwa anakuja chakula cha mchana kumaliza maneno ya posa. Marhoun alikuwa anamtaka binti yake. Na Zahor alisema wazi tangu siku ya kwanza: binti yake haingii uke wenza. Mjane wa kiume, marhaba. Mwenye mke, mlango ule pale.

Basi hapo nikaelewa yote. Ijumaa asubuhi nikamkuta Marhoun uani anachuna mbuzi, nikasimama mbele yake.

"Yoshiko mzima?"

Kisu kikasimama. Hakuniuliza nimejuaje. "Punguza sauti."

"Mzima au mfu?"

"Shukriya, usiniharibie. Maisha yake na ya kwetu hayakutani. Atakuja hapa Ibra akae na nani, aseme lugha gani? Nilitaka kumwambia polepole. Baada ya harusi ningelitengeneza mambo."

"Barua zake ziko wapi?"

"Ninazo."

"Ngapi?"

Akatazama mbuzi. "Nyingi."

"La kuvunda halina ubani, Marhoun. Na sisi ubani tuliufukiza ratili nzima." Nikamwambia, "Mimi sitasema kitu mbele ya Zahor. Mimi nitapika tu." Akashusha pumzi, mpumbavu, akanishukuru.

Nikapika biriani ya wageni, kila punje mahali pake. Na pembeni, kwenye sufuria dogo, nikapika mchele wa Abla Thuraya. Tamima akafinya matonge yake. Akanionesha lile moja la kando, kama kuniuliza alifiche wapi leo. Nikamwambia, "Mwekee mama yako anapokula kila mtu." Ningeliweza kumzuia na sikumzuia. Hilo nitaulizwa mbele ya Mola na jibu ninalo.

Zahor ni jamaa, na Bi Khole mtu mzima, kwa hivyo walikaa pamoja majlis, chumba cha wageni, yeye, mama na Marhoun, sinia katikati. Nilikuwa nimesimama mlangoni na birika la kunawia. Zahor ndio kwanza anasema bismillahi, Tamima akaingia, miguu mitupu, kisahani kakishika kwa mikono yote miwili. Akakiweka kwenye mkeka baina ya baba yake na bibi yake, pale palipobaki nafasi ya mtu. Akaweka na kikombe cha maji.

Bi Khole akaunyanyua mkono.

"Mama!" nikasema. Sauti yangu ile muuza samaki angeliikumbuka. Mkono ukabaki hewani.

Zahor akacheka kwa wema. "Na hili la nani, mjukuu wangu? Langu mimi?"

"Mchezo wa mtoto tu," Marhoun akasema haraka. "Tamima, nenda nje."

"La Mama," Tamima akasema. "Yuko safarini. Baba, alisema anakuja, lakini mbona hafiki? Mimi naweka kila siku."

Marhoun alikuwa na donge la biriani mkononi, hakulila wala hakulirudisha. Zahor akamtazama yeye, si mtoto. Alimtazama muda mrefu, na Marhoun akashindwa kuinua macho, na hapo hata kipofu angelisoma.

"Kwangu ulileta habari ya marehemu," Zahor akasema.

"Ami, nieleze—"

"Mweleze mama yako." Akasimama. Mkono wake ulikuwa haujagusa chakula. Nilimpa maji anawe kwa adabu, akasema, "Samahani, Bi Khole," akavaa viatu vyake. Tukasikia gari yake mpaka ilipokata kona ya falaji, ule mfereji wa maji ya mashamba.

Nilimgeukia mamaangu. Nilikuwa na maneno yangu tayari, nimeyanoa siku nne. Sikupata nafasi ya kuyatumia.

Uso wa Bi Khole ulikuwa umepauka. Alisema taratibu, na sijawahi kumsikia hivyo, hata siku tuliyotoka Unguja. "Nimemsomea Yasini mtu anayepumua. Nimemuombea Mungu ampanulie kaburi, mtoto wa watu, mzima, kakaa dirishani anamngoja mwanawe. Na uliniitikia amina, Marhoun. Ulikaa hapo ulipokaa ukaniitikia amina."

"Mama, nilitaka—"

"Usiniite." Akalitazama lile tonge. Alilitazama mpaka nikadhani atalitupa. "Na mimi nikawapa mbuzi chakula chake," akasema. Akafunika uso kwa ukingo wa leso, halafu akaufunua, macho yamewaka. "Shukriya! Ule wali wa bwabwa umebaki?"

"Umebaki."

"Ulete hapa. Na maji, na chumvi."

Nikauleta. Nikauweka mbele yake, juu ya mkeka, biriani ya watu inapoa pembeni hakuna anayeigusa.

"Tamima, njoo kwa bibi. Linatakiwa tonge la pili."

Mtoto akasogea kidogo, si karibu sana. "La nani, Bibi?"

"La baba yako. Kesho anasafiri. Anakwenda Kobe kumleta mama yako, na asipokuja naye asipande ngazi yangu." Hakumtazama Marhoun hata alipolisema. "Litafinywa na mimi. Nioneshe inavyofanywa."

Tamima alisimama anamwangalia. Alikuwa anaiangalia ile mikono, namjua. Halafu akachutama, akachovya vidole kwenye maji.

Na Bi Khole, ambaye tangu nilipopata akili sijamuona akigusa wali kwa mkono wa kushoto, alikunja mikono ya kanzu yake mpaka viwiko, akamnyoshea mjukuu wake viganja vyote viwili apakwe chumvi.